Ukuta kwanza, rangi baadaye: kukarabati nyumba ya familia kwa bajeti ndogo

Nyumba nyingi za familia, kuanzia Tanga hadi Mtwara na hata bara, zimejengwa kwa tofali za saruji, zikapigwa lipu, zikaezekwa bati. Zikishakaa miaka kadhaa huanza kuonyesha dalili zilezile: rangi inabanduka usawa wa magoti, dari ina madoa ya kahawia, kona za madirisha zina nyufa, sakafu imechimbika mlangoni. Mwenye nyumba akipata pesa kidogo hukimbilia ndoo ya rangi. Masika ikipita, ukuta umerudi ulivyokuwa, na lawama zinaangukia rangi au fundi. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa. Ilipakwa juu ya ukuta uliojaa maji na chumvi.

Kwa hiyo pesa ifuate njia ya maji: paa na gata, kisha nje ya kuta, kisha ukuta wenyewe, na rangi mwishoni. Kama bajeti inatosha nusu tu ya kazi, fanya nusu ya mwanzo ya orodha hiyo na rangi isubiri mwaka ujao.

Panga kazi za nje Juni hadi Septemba, masika ikishapita na vuli haijaanza. Januari na Februari nako ni kukavu kwa sehemu nyingi za pwani, ila jua huchoma lipu kabla haijakomaa, hivyo utamwagilia zaidi. Desemba iepuke ukiweza. Kila mtu anataka nyumba ing'ae kwa sikukuu, mafundi wazuri wameshachukuliwa, na waliobaki wanarukaruka kati ya kazi nne kwa siku.

Kagua kabla ya kununua chochote

Chukua daftari uzunguke nyumba, ikiwezekana siku mvua inaponyesha. Andika maji yanapodondokea, yanapotuama na yanaporuka kugonga ukuta. Ingia ndani, gonga lipu kwa mpini wa nyundo, ukuta kwa ukuta. Panapotoa sauti ya kitu kitupu lipu imeachana na tofali, na hapo hakuna rangi wala puti itakayosaidia; paandike.

Unyevu una vyanzo zaidi ya kimoja, na dawa zake hazifanani. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa teipu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta majimaji nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya tofali. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke wa hewa: jiko, nguo zinazoanikwa ndani, au dirisha lisilofunguliwa mwaka mzima. Hilo la pili linatibiwa kwa kupitisha hewa, na halihitaji mfuko hata mmoja wa saruji.

Angalia pia rangi ya doa. Unga mweupe unaokatika vidoleni ni chumvi. Madoa meusi ni kuvu. Kuvu huuliwa kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji, uiache dakika 15 hadi 20, usuuze na ukaushe kabisa. Fungua madirisha, vaa glavu, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwa sababu baadhi ya michanganyiko hutoa gesi ya sumu.

Paa, gata na kibaraza

Kwenye bati, tatizo la kawaida ni misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi; ukipigwa bondeni, maji yote ya mstari ule yanapita juu ya tundu lake. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, misumari inalegea, mpira wake unakauka na kupasuka. Iliyolegea usiigongee upya, haitashika. Ing'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kidogo kuliko msumari uliotoka. Tundu dogo la kutu lizibe kwa lami ya bati na kitambaa: sugua kwa brashi ya waya, paka lami, tandika kitambaa kinachozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, paka lami tena juu. Ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, maana ndiko zilipo papi, mbao zinazobeba bati. Kama paa lako ni la zamani na lina bati za asbesto, usizitoboe, usizikate wala kuzisugua. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kuziondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na utaratibu maalumu.

Gata watu wengi huliona kama pambo. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 limemwaga lita 1,200 chini ya kuta zako. Gata lilalie upande wa bomba kwa milimita 5 kila mita, vishikio visizidi umbali wa mita moja, na bomba la kuteremshia liwe la inchi 3. Kama pesa haitoshi kuzunguka nyumba yote, anza na upande ambao kuta zake zimeloa. Tangi la kukinga maji hayo linaweza kuja baadaye.

Halafu shuka chini. Sakafu ya ndani inapaswa kuwa juu ya udongo wa nje kwa angalau sentimita 15. Miaka ikipita, mchanga unasombwa na mvua, takataka za bustani zinarundikana, mtu anamwaga kifusi, na udongo unapanda hadi kuvuka jamvi, yaani zege la chini ya sakafu. Hapo hata nyumba iliyowekewa nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi inakuwa kama haina, maana maji yanairuka kwa nje. Kazi ya kwanza ni sepetu na toroli: shusha udongo, na vijana wawili wanaimaliza kwa siku moja au mbili.

Ukishashusha, mwaga kibaraza cha zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60, unene wa sentimita 7.5, kikilala kuelekea nje kwa sentimita 1.5 katika upana huo. Chini yake shindilia mawe au kifusi kigumu. Kwa kila mita 10 za urefu andaa mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, mchanga ndoo 10 na nusu na kokoto ndoo 21, ndoo za lita 20. Huo ni mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kwa kuwa mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu. Kata kiungo kila mita 2, la sivyo zege litajikatia lenyewe mahali lipendapo. Mwagilia siku saba.

Ukuta unaotoa chumvi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tuende taratibu.

Tofali la saruji hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha, mara nyingi hadi kimo cha mita moja hivi. Maji hayo hubeba chumvi ya udongo, ya mchanga uliofyatulia tofali, ya saruji yenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na chumvi inabaki. Inajikusanya nyuma ya rangi, inajenga vipande vigumu vinavyohitaji nafasi, na nafasi hiyo vinaipata kwa kuisukuma rangi, kisha lipu. Ndiyo maana ukuta unaovimba hivi ukipakwa rangi ya mafuta "ili kuziba" huharibika haraka zaidi: maji hayana pa kutokea, chumvi inasukuma kwa nguvu, na rangi inatoka ganda zima likiwa na lipu mgongoni.

1. Maliza kwanza kazi za nje zilizotajwa juu. Ukipiga lipu mpya huku udongo wa nje bado umefunika jamvi, unyevu utapanda nyuma ya lipu hiyo na kujitokeza juu yake, na mstari uliokuwa magotini utahamia kiunoni.

2. Chora kwa penseli unyevu unapoishia, halafu pima sentimita 30 juu ya mstari huo. Lipu yote chini ya hapo itoke, kwa tindo na nyundo, hadi tofali lionekane. Kubandua palipovimba tu ni kazi bure, maana lipu inayoonekana nzima jirani yake imeshashiba chumvi.

3. Sugua tofali kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, zoa vumbi lote ulitoe nje. Usioshe kwa maji. Chumvi itayeyuka, itarudi ndani ya tofali na kutoka tena mwezi ujao. Lipu iliyobanduliwa nayo isirudishwe kwenye mchanganyiko wala kujazia sakafu.

4. Acha ukuta ukauke, madirisha wazi. Tofali la inchi 6 lililolowa kwa miaka halikauki kwa wiki moja. Lipe mwezi, na wa pili ukiweza. Katika kipindi hicho kila Jumamosi sugua unga mweupe mpya unaojitokeza. Ukipungua wiki hadi wiki, unashinda. Usipopungua, kuna chanzo cha maji hujakiona, na mara nyingi ni bomba la bafuni linalovuja ndani ya ukuta au shimo la maji machafu lililo karibu mno na nyumba.

5. Loanisha tofali kidogo, rusha kwa mwiko mchanganyiko mwepesi wa saruji 1 kwa mchanga 2 ili uso ukwaruze, uache ukauke hadi kesho yake.

6. Piga lipu ya 1:4, unene wa milimita 12 hadi 15, ikiwa na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mfuko mmoja wa saruji kwa ndoo 7 za mchanga hutoa lipu ya mita za mraba 8 hivi kwa unene huo. Usichanganye zaidi ya kile kitakachoisha ndani ya saa moja. Fundi anayeongeza maji kwenye lipu iliyoanza kushika anakuuzia lipu ya vumbi.

7. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Rangi isiguse ukuta huo kabla ya siku 28.

Mchanga uwe wa mto, safi. Ujaribu hivi: jaza chupa ya kioo nusu mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Tope litajipanga juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi sehemu moja kati ya kumi ya kimo cha mchanga, rudisha mzigo. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure, maana unakuwa umenunua tatizo lilelile unalolibandua.

Kuna familia ambayo haiwezi kufanya haya yote mwaka huu. Basi ibandue rangi ya zamani kwenye mita moja ya chini, isugue, ipake chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta unapumua, chumvi inatoka bila kubomoa. Zima chokaa kwa maji siku moja kabla, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Loanisha ukuta, paka mkono (tabaka) mwembamba, rudia mara tatu au nne, kila mkono baada ya siku moja. Ukipaka nzito itapukutika. Linda macho na mikono, chokaa mbichi inaunguza. Itabidi urudie kila mwaka au miwili, lakini gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ndoo ya rangi inayobanduka.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa au Bagamoyo, sura hii ya lipu ya saruji haiwahusu kabisa. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe, chokaa na udongo, na zinahitaji kupumua pande zote. Lipu ya saruji juu yake ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba: inafungia maji ndani, udongo wa katikati unalainika, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Zibeni kwa lipu ya chokaa, pakeni chokaa. Tena Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, hivyo ukarabati wa nje unahitaji kibali cha mamlaka za uhifadhi kabla hata ya kuleta ngazi.

Nyufa

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui ni za lipu iliyokauka haraka au iliyozidi saruji. Hazina madhara, skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, itazifunika.

Ufa ulionyooka unaofuata linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), kwa mlalo, unatokana na zege na tofali kutanuka tofauti. Ukiujaza puti pekee, utafunguka tena msimu wa joto. Bandua lipu sentimita 10 juu na 10 chini ya ufa, pigilia waya wa kuku kwa misumari ya zege, ukiwa umevutwa vizuri, kisha rudisha lipu ya 1:4 juu yake.

Ufa unaoanzia kona ya dirisha au mlango na kushuka kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, huo uheshimu. Huenda msingi unazama. Chora mistari miwili midogo ya penseli pande zote mbili za ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani, rudia kila mwezi. Usipobadilika katika kiangazi na masika, uzibe. Ukiendelea kupanuka, au ukiwa tayari unazidi milimita 5, mwite mhandisi aangalie msingi. Pesa ya rangi ya nyumba nzima haina maana kama kona moja inashuka.

Skimu

Ndani, kwenye ukuta mkavu, skimu ya unga wa jipsamu hutoa uso laini kwa bei nafuu. Mfuko wa kilo 25 hufika mita za mraba 15 hadi 20 kwa mikono miwili myembamba. Bafuni, jikoni karibu na sinki, nje, na kwenye ile mita moja ya chini yenye historia ya unyevu, jipsamu isikaribie. Ikilowa inalainika na kudondoka kama chaki. Huko tumia puti ya saruji nyeupe. Mkono wa pili upigwe kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza, kisha msasa namba 120, ukimalizia na 220. Mulika ukuta kwa tochi ukiwa umeilaza ubavuni mwa ukuta: mabonde yote yataonekana, na ni afadhali uyaone wewe leo kabla ya taa ya sebuleni kuyaonyesha kila usiku.

Rangi: hesabu na mikono

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina mzunguko wa mita 15, hivyo kuta zake ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Mikono miwili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye ukuta ulioandaliwa vizuri, kwa hiyo chumba hicho kinakula lita 8 na nusu. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya aina hiyo na kubakiza kidogo cha marekebisho. Nunua rangi yote ya eneo moja siku moja, na angalia namba ya bechi kwenye kila ndoo. Bechi tofauti zinaweza kupishana rangi kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta. Zikiwa zimepishana, zimimine pamoja kwenye pipa safi uchanganye.

Kabla ya kupaka, jua rangi ya zamani ni ipi. Lowesha kitambaa kwa spiriti usugue. Ikitoka kitambaani ni ya maji. Isipotoka ni ya mafuta. Rangi ya maji juu ya mafuta yanayong'aa hutoka kama ganda la ndizi, kwa hiyo ipige msasa 120 hadi mng'ao ufe, kisha andakoti, yaani rangi ya chini. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma huenda zina madini ya risasi. Zisugue zikiwa na maji, kamwe kavukavu; watoto na mama mjamzito wasiwepo, na tope lake lizolewe na kutupwa likiwa limefungwa. Kama ukuta ulikuwa wa chokaa, bandika teipu uing'oe. Ikitoka na unga mweupe, sugua kwa brashi na upake praima ya kushikisha. Bila hiyo rangi mpya itakuwa imekaa juu ya vumbi. Jikoni, masizi na mafuta yaoshwe kwa maji moto na sabuni ya unga, yasuuzwe, ukuta ukauke.

Ukuta wenye lipu au skimu mpya unahitaji praima inayovumilia saruji. Saruji mbichi ina ukali unaogeuza rangi ya mafuta kuwa kitu cha kunatanata kama sabuni, na hiyo ndiyo sababu ya kusubiri siku 28. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji unaweza kuzimuliwa kwa maji safi hadi asilimia 10 au 15. Wa pili asilimia 5 au usizimue kabisa. Soma kopo, maana viwanda vinatofautiana. Kwenye hatua hii simama karibu. Lita tano za maji ndani ya ndoo ya lita 20 humfurahisha fundi kwa kuwa rola inateleza, lakini utahitaji mikono minne na bado ukuta utaonekana mwembamba. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike.

Anza na dari, kisha kuta, kisha milango, mwisho skatingi. Zungushia kona na kingo kwa brashi ya inchi 2, halafu rola ya inchi 9 ianze mara moja kabla ukingo haujakauka. Ukuta mmoja umalizwe bila kupumzika, kona hadi kona. Ukienda kula katikati, alama ya pale uliposimama haitafutika hata kwa mkono wa tatu. Subiri saa nne kati ya mikono, zaidi wakati wa unyevu. Nje usipake ukuta unaochomwa na jua: fuata kivuli, magharibi asubuhi, mashariki jioni. Rangi ikikauka kabla haijatulia huacha michirizi na malengelenge.

Kama nyumba ina watoto wadogo, kwenye korido na sebuleni paka mita moja na robo ya chini kwa rangi ya nusu mng'ao inayofutika kwa kitambaa, rangi moja na ya juu au iliyokolea kidogo. Hii kwa ukuta mkavu tu.

Dari, grili, sakafu

Doa la kahawia darini halizibwi na rangi ya maji. Litapenya hata mikono mitano. Hakikisha bati halivuji, paka andakoti ya mafuta juu ya doa tu, kisha rangi ya dari. Silingibodi iliyolegea kama kitambaa kilicholowa ikatwe hadi kwenye mbao na kubadilishwa.

Grili za madirisha pwani huliwa na hewa ya bahari. Kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, futa kwa spiriti, paka redioksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilichosafishwa huanza kutu usiku mmoja, halafu mikono miwili ya rangi ya mafuta. Sehemu ya chini ya grili, inapoingia ukutani, ndiyo inayooza kwanza na ndiyo fundi huipitia juujuu.

Sakafu iliyochimbika: panua shimo kwa tindo liwe na kingo zilizosimama wima, kina kisichopungua sentimita 2. Kiraka chenye kingo zilizochongoka kama sahani kitabanduka. Loanisha, paka uji wa saruji tupu, jaza mchanganyiko wa 1:3 kabla uji haujakauka, piga niru (saruji ya kulainisha uso), funika kwa gunia lililolowa siku tano.

Fundi, na kuishi ndani wakati wa kazi

Fanya chumba kimoja baada ya kingine, ukianza na kilicho mbali zaidi na mlango wa nje, ili vumbi na ndoo zisipite kwenye chumba kilichokwisha. Bakiza daima chumba kimoja safi cha kulala. Kubandua lipu kufanyike siku mbilitatu mfululizo kwa nyumba nzima, kwa kuwa vumbi lake halizuiliki. Rangi ndiyo iende chumba kwa chumba.

Patana kazi ya kipande, si ya kutwa, na kwenye karatasi iandikwe: ni kuta zipi, mikono mingapi, nani ananunua vifaa, nani anazoa kifusi. Vifaa nunua mwenyewe, mwombe fundi orodha kisha uilinganishe na hesabu zako za hapo juu. Hesabu mifuko mitupu kila jioni. Advansi iwe ya nauli na chakula. Kiasi kikubwa lipa baada ya maandalizi, kingine baada ya lipu au skimu, na cha mwisho uipitie kazi mchana, mapazia yakiwa yametolewa. Fundi mzuri hutumia muda mrefu kwenye msasa kuliko kwenye rola. Akikuambia atapaka nyumba ya vyumba vitatu kwa siku mbili, muulize ukuta utasuguliwa lini.

Mapazia yanamalizia kwa gharama ndogo kama fimbo itapachikwa vizuri: sentimita 15 juu ya dirisha, ikizidi sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga wala upepo. Kitambaa kiwe na upana mara mbili ya fimbo. Toboa kwa drili na utumie plagi za plastiki na skrubu. Msumari kwenye tofali la saruji hulegea pazia likivutwa mara chache, na hutoka na kipande cha skimu mpya.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye kopo dogo linalojaa hadi karibu na mfuniko, kwa kuwa hewa ndiyo inayoitengenezea ngozi. Andika ubavuni jina na namba ya rangi, bechi, chumba na tarehe. Ihifadhi kivulini. Ukifungua ukakuta ngozi juu, itoe nzima bila kuikoroga, uchuje kwa soksi ya zamani. Ikinuka kama yai viza, itupe.